Maka Peni Juu ya Msalaba wa Bibi

Juzi nimemkuta binti wa dada yangu sebuleni kapanga maka peni mezani, zinapita hamsini, zile za spiriti zenye ncha mbili, upande mmoja nene na mwingine laini. Anapaka maua kwenye karatasi nzito. Anapitisha pinki, juu yake pinki nyingine, kisha anazilainisha kwa kalamu ambayo haina rangi yoyote. Eti kalamu isiyo na rangi, na imenunuliwa! Simu kaiegemeza kwenye kikombe, na humo ndani kuna mdada wa kucha ndefu anawafundisha watu wazima kupaka rangi jani. Jani! Nilitaka kucheka, ila harufu ya ile spiriti ikanipanda puani, nikatoka zangu kibarazani. Wewe rafiki yangu unanijua, sinuni bure.

Mimi nilikuwa na za kwangu, sita tu, nikiwa darasa la sita, tukiishi Buzebazeba, huko ziwani, kwa bibi mzaa mama. Aliniletea mjomba aliyekuwa akifanya kazi melini, mtu wa kurudi kutoka Bujumbura na maneno mengi kuliko mizigo. Akazitoa kwenye mfuko wa kaki mbele ya watu wote, akatangaza, "Hii ukiandika haifutiki mpaka parapanda ilie." Mjomba huyohuyo ndiye aliyemletea mama saa isiyoingia maji, ikafia kwenye karai la kufulia. Lakini nani alikumbuka? Nilifungua kifuniko, ikanukia kama pamba ya sindano ya zahanati, nikajiona msomi.

Basi sikuacha kitu. Nilipaka makopo ya maziwa, vibuyu, kandambili za watu, mfuniko wa ndoo ya maji ya kunywa. Nilichora samaki, migebuka, kwenye mlango wa choo. Mwalimu wa sayansi alinifanya mchoraji wake, nikamtolea mfumo wa kusaga chakula kwenye karatasi ya manila, utumbo wa zambarau, akaubandika ukutani na kuwaonyesha wageni. Madaftari yangu hayakufaa tena, maana wino ulipenya kurasa tatu, ukifungua hesabu unakuta mgongo wa ua. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anapika mawese, mikono myekundu hadi viwikoni, moshi unamtoa machozi. Ananitazama na vikopo vyangu, anasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," halafu anarudi kwenye sufuria. Nilidhani anawasema wachuuzi wa dagaa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuandika majina kwenye maboti. Kazi yake ilikuwa kule Kibirizi, ambako maboti ya kwenda kijiji cha Mwamgongo yanapakia. Anachuchumaa mchangani na kopo la rangi ya mafuta na brashi aliyoifunga mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi, anaandika boti moja kutwa nzima. Suruali yake ilikuwa na rangi za mwambao mzima. Na herufi zake, jamani! Nene, zimevimba matumbo, S inaanguka upande huu, R inaanguka upande ule. Nilimdharau yule mzee kwa moyo wangu wote. Nilikuwa naigiza anavyotoa ulimi akivuta mstari, na wenzangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Akinipita ananisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, fundi mwenzangu," nami naitikia shingo upande, maana mwenzake mimi nitakuwaje?

Kiangazi kilichofuata bibi akafa. Aliumwa siku nne tu, tumbo, na ya tano asubuhi tukasikia mama anapiga yowe. Sitaki kukueleza msiba, misiba unaijua. Nikueleze msalaba. Seremala alileta wa mninga, kaupiga randa vizuri, mtupu. Jioni ile mzee wa maboti akaja na kopo lake na ile brashi, kavaa shati safi, akamwambia mama, "Nipeni nimwandike mama yetu. Ndicho ninachoweza." Nikaruka. Mtoto wa darasa la sita, machozi hayajakauka, nikasimama katikati ya wazee nikasema bibi yangu hawezi kuandikwa kama boti. Na wale watu wazima, badala ya kunikalisha chini, wakaona huruma. Mjukuu kipenzi, mwacheni amwandike bibi yake. Mjomba akasema ile kalamu ni ya kisasa, ya Ulaya. Mzee akaniambia polepole, "Mwanangu, hiyo dawa ya hospitali haipendani na jua." Nikamwona mwenye wivu.

Niliandika kwa rangi zote sita. Jina kwa bluu, tarehe kwa nyeusi, mawaridi mekundu kwenye mikono ya msalaba, majani ya kijani yakishuka hadi chini. Makaburini watu walisahau kulia. Katekista alisogea kusoma, mama mmoja akauliza nani kaandika, wakaninyooshea kidole. Nakuambia ukweli kwa sababu umri wa kuona haya umepita: bibi yangu anafukiwa, na mimi nilikuwa nimefurahi.

Waridi liliondoka kwanza. Kabla hata ya mvua, nyekundu ilishakuwa kama chai ya maziwa, kijani ikafuata. Masika yalipokwisha, jina la bibi ulilisoma kama unalijua tayari. Mzee alikuwa na watu wake kule makaburini, akaona, akaja nyumbani akanikuta peke yangu naosha vyombo. Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Akasema, "Bado mistari inaonekana. Nipitishe brashi juu yake, maua yako nitayafuatisha yalivyo." Nikamsonya. Nikamwambia nitapitisha mwenyewe, nikaendelea kusugua sufuria. Zile maka peni zilishakauka siku nyingi. Nilimwomba nesi matone ya spiriti, nikazilowesha ncha, zikatoa maji ya kijivu, basi. Mwaka haukuisha mama akapata kazi Tabora, tukahama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilichelewa kuvunjika, nikadhani nimepona.

Limevunjika kiangazi kilichopita. Mama ni mzee sasa, miguu inavimba, macho yana ukungu, na kilio chake ni kimoja: hataki kufa kabla hajamjengea mama yake kaburi. Mjomba alishahamia Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, hapokei hata simu. Mama akaniambia, "Tangulia na fundi. Wewe ndiye uliyeandika, utalijua."

Nilikwenda. Mti tuliokuwa tunaufuata kama alama ulishakatwa. Majirani waliobaki kila mmoja alininyooshea upande wake. Mzee wa maboti alikuwa amekufa zamani, lakini misalaba yake niliikuta. Rangi imepukutika yote, ila palipokuwa na herufi mbao haikuliwa na jua wala mvua, imebaki imeinuka. Unapitisha kidole unasoma: Lala salama. Zilezile S za kuanguka, zile R za matumbo, nikawasoma kwa kidole marehemu watano wa watu wengine. Kisha nikafika kwenye matuta matatu yaliyopangana, yote yana misalaba ya mninga, yote mitupu. Nikapiga magoti nikapapasa mmoja baada ya mwingine. Laini kabisa. Mpumbavu mkubwa mimi, niliyemnyima bibi yangu herufi za boti!

Fundi alikuwa kashusha mchanga. "Dada, lipi sasa? Nikishachanganya saruji hainisubiri."

Mama alikuwa njiani, angeingia kesho yake. Nikanyoosha kidole kwenye la katikati.

Lilitoka zuri, sitasema uongo juu ya hilo. Mama aliposhushwa garini tulimshika mikono huku na huku mpaka pale. Akapiga magoti, akalipapasa kwa viganja vyote viwili, akaita, "Mawe, mawe," kama Waha tunavyomwita mama, na akaanza kumpa habari zake kwa Kiha: nani kazaliwa, nani kaolewa, miguu inavyomsumbua. Alikaa muda mrefu. Mimi sikujua nisimame wapi. Nikachukua jembe la fundi, nikaanza kupalilia lile kaburi la kushoto, nyasi zilikuwa zimefika magotini, kisha nikahamia la kulia, na machozi yananitoka. Mama akasikia jembe, akageuza uso kunitafuta.

"Unahangaika nini huko, mwanangu?" akasema. "Waache hao, wana watu wao."