Uchungu Ulianza Jana Yake

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikufa akizaa, katika hospitali ileile ninamofagia na kuwasha grupu, ile mashine ya umeme. Mtoto pia hakupona. Miezi mitatu baadaye, daktari aliyempasua, dada anayesomea utaalamu wa uzazi, alinisimamisha kwenye korido.

"Papa, leo nitaeleza kufa ya bibi yako mbele ya profesa. Jina yake sitataja. Kama hautaki kusikia, tutatafuta mwengine wa kuangalia grupu."

Nikamwambia nitabaki.

Zamani profesa wao alikuwa akija hapa Katanga kwa ndege kutoka Kivu, anafundisha wiki mbili, anarudi. Vita ilipouchukua mji wake, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki nazo. Yeye hakukimbia. Akaanza kuwafundisha kwa mtandao kutoka sebuleni kwake, nasi tukatundika shuka jeupe ukutani ili uso wake uonekane. Mara nyingi picha ilisimama akiwa amefungua kinywa.

"Profesa ameganda kama tomsoni ya mu frigo," akasema daktari mmoja siku hiyo, nami nikisikiliza dirishani kando ya grupu.

"Ninawasikia, batu ya Katanga," sauti ikajibu kutoka kwenye shuka. "Huku hata samaki ya frigo hatuna tena."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha yule dada akasimama, akasoma karatasi yake. Mama wa miaka thelathini na mmoja, uzazi wa nne. Uchungu tangu saa kumi na mbili asubuhi, amefika saa nne, kizazi kimeshapasuka.

"Masaa manne tu?" profesa akauliza. "Ulimuwekea seramu ya kuongeza uchungu?"

"Hapana, Profesa."

"Basi hii karatasi siiamini. Ao ulimuwekea na unaficha, ao haukumuangalia muzuri. Hivi siwezi kukupitisha. Utarudilia mwaka."

"Niliandika vile waliniambia," akasema.

Aliyemwambia ni mimi.

Kwetu, mtoto akikawia kutoka, watu husema mama alilala na mwanaume mwingine, na mtoto hatatoka mpaka amtaje. Uchungu wa bibi yangu ulianza jana yake asubuhi. Shangazi yangu alifunga mlango, akamwambia, "Taja jina, mwana atoke." Bibi yangu akasema hana jina la kutaja. Nilikuwa nimesimama pale. Nilijua hana. Lakini nikafikiri, na kama analo? Nikangoja. Aliniita mara mbili, "Baba ya batoto, unipeleke," nikamjibu, "Sema kwanza." Ikapita siku nzima na usiku wake. Alipoacha kulia ndipo nikatafuta teksi. Hospitalini daktari akaniuliza tangu lini, nami kwa aibu nikasema tangu asubuhi. Kwenye kilio ndugu wa marehemu walimlaani yule daktari, na mimi nikanyamaza.

Niliacha grupu ikinguruma, nikaingia, nikasimama mbele ya kompyuta. Nikasema kwamba mimi ndiye bwana wa yule mama, nikaeleza yote, mlango na shangazi, na maneno yangu mwenyewe. Nikadhani picha imesimama tena, kumbe profesa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Pole, Papa," akasema. "Na hata huku batu banatufichaka hiyo." Kisha akamgeukia mwanafunzi wake. "Dokta, unisamehe. Hautarudilia mwaka. Lakini ulimuuliza bwana. Mama mwenyewe ulimuuliza?"

"Nilimukuta hasemi tena."

"Basi tangu leo wote mutauliza hivi: uchungu ulianza lini, na kule nyumbani walikuwa wanangoja nini?"

Wakaandika. Somo lilipokwisha, yule dada alibaki akizungusha waya wa kompyuta taratibu, bila kuniangalia.

"Bashemeki wako, ndugu ya marehemu, wanajua?" akauliza.

"Bado."

"Mama yao akinikuta ku soko, anatema mate chini. Tangu miezi tatu."

Nilizima grupu, nikashika njia ya Kampemba, kwa kaka mkubwa wa marehemu. Nilimkuta anakula bukari, ugali wetu, na watoto wake. Akanisogezea beseni la maji.

"Shemeki, nawa tukule."

Nikamwomba anisikilize kwanza, ndipo aseme tena kama ninawe.