Nilifunga Kitabu Ukurasa wa Sitini na Moja

Msinionee huruma. Nilichokifanya nilikifanya mchana kweupe, akili zangu timamu, na jamani, siku ile nilikifurahia!

Mimi ni askari magereza hapa Jinja, lakini kwetu ni Mbale. Kuna mwanamuziki wa roki, mtu wa gitaa la kelele, ambaye nimemfuata zaidi ya miaka ishirini. Alikopiga, nilikuwepo. Mji wa Buwenge alipiga mvua ikinyesha, wasikilizaji sita, mimi wa saba. Spika zake nimezibeba kwa mgongo huu huu!

Tena sikuwa shabiki tu. Mimi na yeye tulitahiriwa asubuhi moja, ua mmoja, kisu kimoja. Kwetu Bugisu watu wa kisu kimoja tunaitana makoki, na makoki humwaibishi hata akikukosea.

Asubuhi ile yeye alitetemeka. Kwetu mwanaume mbele ya kisu hapepesi hata kope, lakini yeye magoti yalimwisha. Mimi nilikuwa nafuata. Nikaruka juu, nikapiga kelele kama kichaa, macho yote yakanigeukia mimi. Akapona aibu. Siri hiyo hatukuitaja tena, hata tukiwa wawili.

Mwaka jana akatoa kitabu cha maisha yake. Nilikinunua siku ile ile, nikakifunika kwa karatasi ya kalenda kama cha shule, nikakaa barazani kwangu, mtaa wa Walukuba, kusoma. Nilicheka, nikalia, nikafika ukurasa wa sitini na moja.

"Kulikuwa na shabiki mmoja askari, tukimwita Kupe. Akishakushika, hatoki. Siku nyingine tulimdanganya kwamba gari limekufa, ili tumwache."

Kupe! Mimi! Damu ilinichemka. Nilikifunga kitabu, sikukifungua tena.

Nikasikia atakuja kukisoma kitabu hicho ukumbini Mbale. Nikaomba ruhusa kazini. Wiki mbili nzima nilikuwa nayapanga maneno nikinyoa ndevu, na kila asubuhi nikayanoa zaidi.

Ukumbi ulijaa. Wakwe zake walikuwepo, wanawe mstari wa mbele. Ulipofika wakati wa maswali, nikasimama.

"Makoki," nikasema, sauti tamu kabisa, "humu umeandika vile ulitetemeka kwa kisu? Ama mimi Kupe niwaambie?"

Na nikawaambia! Magoti, machozi, kila kitu. Mwanawe mkubwa akainamisha kichwa. Nilimwona, na sikunyamaza.

Yeye alinitazama tu. "Makoki, ni wewe? Wewe ndio unasema hii?" Akalaza gitaa chini, akatokea mlango wa nyuma. Nilirudi Jinja nikiimba nyimbo zake, mshenzi mimi!

Siku ya tatu akanipigia simu mwenzetu mwingine wa kisu kile. "Afande, maneno ya kisu haitokangi nje. Sisi na wewe tumemaliza. Mtoto yako akisimama, usituite."

Mwanangu Mafabi anasimama mbele ya kisu mwaka huu. Na mtoto husimama akiwa amezungukwa na makoki wa baba yake.

Nilimlaani yule mwanamuziki mpaka mke wangu akachoka. Akakichukua kitabu.

"Baba Mafabi, hii kitabu ulisoma mpaka mwisho?"

"Nilisoma ya kutosha!"

Alikuwa ameshafika kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho kabisa. Akanisomea polepole.

"Namalizia na Kupe. Tulikucheka, ndugu yangu, lakini walioniacha ni wengi, wewe hukuniacha. Kuna jambo la asubuhi ile ambalo sikuliandika. Unalijua, na miaka yote hii hujamwambia mtu. Kitabu hiki ni chako."

Nikamwambia anyamaze. Nikatoka nje, nikapiga teke ndoo ya maji, na hasira haikupata pa kwenda ila kunirudia mwenyewe.

Nimempigia makoki simu mara tisa. Hapokei, na mimi ningekuwa yeye nisingepokea!

Wewe unayesoma hapa na moyo unakuchemka kwa sababu ya neno la mtu, nakuomba, lisome lote kwanza. Mimi kurasa zilizobaki zilinishinda, nikaona kisasi ni kitamu zaidi.

Wiki ijayo Mafabi anafunga njuga aanze kucheza ngoma ya kuelekea kisu. Jana aliniuliza, "Baba, nani atasimama na mimi?"