Ubeti wa Tatu Uliokatwa Msimbazi

Albamu ya kwanza ya yule msanii wa nyimbo za mapenzi niliisikia nikiwa kidato cha tatu, kwenye memori kadi niliyojaziwa nyimbo na fundi simu wa Msimbazi. Fundi yule nafasi ikiwa ndogo alikuwa anakata mikia ya nyimbo ili zote zienee. Hatukulalamika. Tuliimba mpaka kiitikio cha pili, wimbo unakatika, tunaenda unaofuata.

Ndiyo maana ule wimbo mkubwa, wa mwanaume anayeapa kumngoja mpenzi wake mpaka aote mvi, mimi niliujua una beti mbili tu. Baba wa mtoto wangu alinitongoza kwa beti hizohizo. Sasa anaishi Tabata na mwanamke mwingine.

Mwezi uliopita mdogo wangu akauchagua uwe wimbo wa kumwingiza ukumbini kwenye sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mama akanipa mimi kazi ya muziki. Nikapakua albamu zote mbili za yule msanii, nikasikiliza huku nafua nepi.

Kumbe ubeti wa tatu upo. Amechoka kungoja, kaoa jirani.

Nilitukana mpaka mtoto akaamka. Na albamu nzima ni hivyohivyo! Gitaa tamu, sauti asali, ila mwanaume hayupo nyumbani hata wimbo mmoja. Yuko safarini, yuko ndotoni, anatuma salamu. Albamu ya pili tuliiponda, tukasema kachuja, kwa sababu kaimba habari za kubembeleza mtoto mwenye homa na kumkorogea mkewe uji. Tukiwa na miaka kumi na sita nani alitaka uji? Leo naisikia sauti imekwaruza, lakini mtu yupo jikoni. Hiyo ndiyo albamu. Ya kwanza ni kopo tupu lililopakwa rangi.

Nikamwambia mdogo wangu abadilishe.

"Dada, hasira zako za shemeji usimmalizie msanii wa watu."

"Sikiliza ubeti wa tatu."

"DJ atazima kabla."

"Kwa mwendo gani? Wewe unaingia hatua mbili mbele, moja nyuma, wapambe wanakatika mbele yako, mashangazi wanakusimamisha wakupigie vigelegele. Konokono atakuwa ameshakaa anakula pilau."

"Una wivu."

Hilo liliniuma. Nikampa DJ albamu zote mbili, wimbo wake ukiwa mzima.

Jumamosi mchana tukafanya mazoezi kwenye ukumbi karibu na Mnazi Mmoja. Ubeti wa tatu ukamkuta mdogo wangu katikati ya ukumbi, mguu mmoja nyuma. Msanii akatangaza ndoa yake kwa raha zake.

Mama alikuwa anapanga viti. "Kaoa nani?"

"Jirani, mama!" Wapambe wakamjibu, wakaangukiana kwa kicheko.

Mdogo wangu hakucheka. Alinifuata nilipokaa nanyonyesha.

"Ulijua lini?"

"Juzi, nikifua."

"Siulizii wimbo. Shemeji na yule mwanamke."

"Mimba ikiwa ya miezi saba."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na mitihani."

Akainama akamfuta mtoto maziwa kidevuni, kisha akavua viatu vyake virefu.

"DJ," akaita, "weka ule wa uji."

Wimbo wa uji unaenda mbio. Alifika kwenye kiti chake kabla hata ya kiitikio, akageuka, akawaswaga wapambe wote warudi mlangoni waanze upya.