Mfungo wa Bienvenu

Mdogo wangu Bienvenu ni mtu wa vyuma tangu utotoni. Hapa Rubondo, kambini kwetu wakimbizi, Papa anayeyusha injini mbovu na rejeta za magari, anamimina kwenye kalibu, zinatoka sufuria. Mimi naziuza sokoni Kaberebere. Bienvenu alikuwa hatoki karibu na tanuri: mbona hiki kinayeyuka haraka, mbona kile kinakataa? Kwa maswali hayo hayo akafika chuo kikuu kule Mbarara, akapata digrii, na sasa anasomea ya pili. Anachunguza aloi, yaani metali zilizoyeyushwa zikachanganyika, na utafiti wake ni juu ya sufuria kama zetu. Papa alijivuna, jamani! Alimchagulia sufuria nzuri kuliko zote akaikate maabara.

Tangu Pasaka, kila akija nyumbani anakataa chakula. "Nafunga," anasema. Sisi walokole, nani angemuuliza zaidi? Papa akatangaza kanisani kwamba mtoto wake anafunga kwa ajili ya masomo. Mama naye akaanza kufunga pamoja naye, mama wa watu, na presha yake ile. Bienvenu akaona, akanyamaza. Alikuwa anakonda kwa aibu, mimi mjinga nikadhani ni maombi.

Jumamosi Mama akaanguka jikoni. Tulipomnywesha uji akafumbua macho, Bienvenu akapiga magoti analia.

"Papa, sifungi. Naogopa sufuria zetu. Ziko na risasi."

Papa akacheka. "Risasi tuliacha kule Kivu, mwanangu."

"Si ya bunduki, Papa. Ni metali, inatoka mu rejeta, inaingia mu chakula. Inaharibu akili ya batoto pole pole. Nilipima ile yako. Nilishindwa kusema. Sufuria hizo ndizo zilinisomesha."

Papa alichukua beleshi akafukia tanuri kwa udongo, moto ukiwa bado unawaka. Nilimhurumia, nikamhurumia na Bienvenu. Kisha Papa akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Hapo huruma ikaniisha. Mwanangu Benitha, anayejifunza kusema, alikuwa mlangoni anakomba uji uliobaki sufuriani kwa vidole.

"Weye ulifunga mdomo wako," nikamwambia Bienvenu, "halafu ukakaa hapa unaangalia mutoto wangu anakula!"

Akainamisha kichwa. Nikampokonya Benitha sufuria. Alilia sana, bado ana njaa, na nyumba nzima hatukuwa na sufuria ya aina nyingine.