Spika Kubwa Kando ya Dira

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio mtaani Majengo, Nairobi, na kiburi nilikuwa nacho, sikatai. Ndugu yangu mdogo alikuwa na boti ya injini Ziwa Victoria, akivusha watu kwenda visiwani. Aliponiandikia nimchagulie redio ya kuongea na wenzake walio ufukweni, pamoja na dira ya kumwonyesha njia ukungu ukishuka, nilivimba kichwa.

Sokoni Gikomba, kwa muuza vyombo vya mitumba, nilikuta redio mbili za boti. Moja spika yake ilikuwa ndogo kama kifuniko cha kopo. Ya pili ilinguruma. Nikabeba ya pili papo hapo, maana kwetu Majengo redio isiyosikika kwa jirani ni takataka. Nikaifunga kwenye ubao mmoja na dira, bega kwa bega, kazi safi kabisa, nikaituma kwa basi.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafungua redio ya mteja. Skrubu ikaniponyoka, ikanasa kwenye sumaku ya spika. Lahaula! Sindano ya dira nayo huvutwa na sumaku! Nilikuwa nimempa ndugu yangu dira inayotazama spika badala ya kaskazini, na boti imejaa watoto wa watu.

Nilikimbia posta nikapiga telegramu: TENGA DIRA NA REDIO. Siku tatu, kimya. Mke wangu akiuliza kitu namfokea, halafu namwomba radhi.

Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Ndugu yangu huyo, mzima, gunia la samaki wakavu begani! Nilimshika mashavu kama mtoto mdogo.

"Telegramu uliipata?"

"Telegramu gani? Nimekuja kuwasalimu tu."

"Na dira je?"

Akacheka. "Siku ya kwanza nilizungusha boti mara mbili, sindano ikakataa kusonga. Nikang'oa redio, nikaihamishia nyuma. Sasa dira iko sawa."

"Mjinga wewe!" nikamfokea, huku nimemkumbatia. "Mbona hukuniandikia?"

Akatua gunia, akaangalia chini.

"Ningeandikaje kwamba umekosea, kaka? Ufukwe mzima nimewaambia fundi hodari kuliko wote Nairobi ni wewe."

Nilimwambia aketi, nikamwita mke wangu alete chai, kisha nikalia mbele yao bila haya.