Sifuri Kwenye Chumba cha Saba

Mimi ni mdadisi, na sioni haya kusema. Jirani akibadilisha pazia nitataka kujua la zamani limekwenda wapi. Kwa hiyo siku Fernand Boily alipoegesha gari lake la ufundi mbele ya nyumba ya Mama Dufour, akashusha visanduku saba vyeupe vya kadiri ya kiganja, niliacha sufuria jikoni, nikavaa buti, nikavuka barabara.

Marie-Ange Dufour ana miaka sabini na tisa. Nimekaa ng'ambo ya barabara kutoka kwake miaka kumi na tisa, hapa kando ya Ziwa Saint-Jean, na sikuwahi kumwona ameketi bila kitu mikononi. Kama si sindano za kufuma ni kisu na viazi. Nyumba yake aliijenga mumewe, marehemu Léo, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha mbao, na kila chumba alikiwekea hita yake ya umeme chini ya dirisha na kiduara chake cha kuzungusha ukutani. Kwa miaka arobaini, kila jioni, Mama Dufour alipita chumba hadi chumba akizima vile viduara jinsi wengine wanavyozima taa. Chumba kisicho na mtu, kwake yeye, hakina haja ya joto. Alipobaki peke yake akawa anapasha jiko tu, na hata hilo kwa kujinyima.

Hiyo ndiyo iliyomponza. Januari iliyopita bintiye, Ghislaine, alikuja kutoka Montreal bila taarifa. Akamkuta mama yake anamenya viazi amevaa koti na kofia, nyumba nzima digrii kumi na mbili. Ghislaine alilia, halafu akakasirika, na yule akikasirika hana breki. Alisema anampa msimu mmoja wa baridi, mmoja tu. Akiona tena kwamba mama yake hawezi kujitunza, anamhamishia kwenye makao ya wazee kule Alma. Na hakuwa anatisha tu, maana jina alikuwa ameshaliandikisha. Halafu akanunua vile visanduku saba, themostati za kuongoza joto la hita.

Fernand ni binamu ya Léo, fundi umeme wa leseni, mtu wa maneno machache. Alishuka chini ya nyumba akakata umeme, akapanda, akapima kila mahali kwa testa kabla ya kugusa. Kiduara cha zamani kinatoka, nyaya mbili zinachungulia ukutani, anazifunga kwenye kisanduku kipya, anakibana, tayari. Mama Dufour alimfuata nyuma akipokea kila kiduara kilichotolewa na kukifunga kwenye gazeti kama sahani ya harusi. Nami nilimfuata Mama Dufour.

Tulipofika kwenye jiko la kiangazi alisimama mlangoni. Hicho ni chumba cha mbao nyuma ya nyumba, mnapopikia joto likizidi. Baridi ikianza mlango unafungwa na hakuna anayekitia joto, na Desemba kikishaganda ndiyo friza yetu hadi Machi. Hita iliyomo Léo aliiweka kwa ajili ya miche yake ya nyanya ya Aprili. Kwenye kiduara chake alikuwa amebandika mkanda: USIGUSE.

Mama Dufour akasema humo hamna kazi. Fernand akamjibu kwamba Ghislaine ametuma saba na amelipia saba, basi atafunga saba, ila hii ataiacha imezimwa. Alifanya hivyo kweli, nilimwona. Mwisho akaziunganisha zote kwenye intaneti, ili Ghislaine aone joto la kila chumba kwenye simu yake na kulibadilisha akiwa kulekule Montreal. Majina ya vyumba hakuandika, vidole vyake ni vinene kuliko herufi za simu. Akaweka namba tu, moja hadi saba.

Wiki ya kwanza Mama Dufour alinuna. Mashine ilikuwa imemnyang'anya mzunguko wake wa jioni. Ilipangiwa digrii ishirini na moja kuanzia saa kumi na mbili alfajiri, na kumi na nane kuanzia saa tatu usiku, bila kumwuliza mtu. Kisha siku moja akanipigia simu asubuhi, sauti imebadilika.

“Mwanangu, hebu nifafanulie. Kimeambiwa kianze saa kumi na mbili. Mimi nimeamka saa kumi na mbili kamili na jiko limeshapata joto. Kimejuaje?”

Sikujua. Tukamwuliza Fernand, naye akasema kinajifunza. Jibu gani hilo? Mama Dufour alitega saa, akaamka kabla ya kumi na moja, akaketi na blanketi mbele ya kile kisanduku. Akaona vile vistari vinavyoonyesha hita inavuta umeme vimetokea saa kumi na moja na dakika ishirini. Wiki iliyofuata baridi ilikaza, vikatokea saa kumi na moja kasoro kumi. Nikaenda kuhakikisha, tukaketi wawili na chai zetu tukikodolea macho ukuta kama watu wanaotazama mpira. Ni kweli, kilikuwa kinapima nyumba inachukua muda gani kupata joto, na kinawahi kadiri ya baridi.

Basi akaanza kukijaribu. Akakishikia kikombe cha chai chini yake, vistari vikafa kabisa ilhali sisi tunatetemeka. Akaleta kijiko cha theluji, vikapanda vyote. Alicheka mpaka akafuta machozi.

“Anadanganyika huyu,” akasema. “Nyumba haijui. Anajua hewa iliyo mbele ya pua yake, basi.”

Desemba ikaingia na Mama Dufour akaingia kwenye unga. Usiku wa Krismasi, baada ya misa, watu ishirini na wawili hula kwake. Ndivyo ilivyokuwa enzi za Léo na hakutaka mtu aseme imepungua, hasa mwaka huu, hasa mbele ya Ghislaine. Aliniambia waziwazi: mwanamke anayelisha watu ishirini na wawili hapelekwi Alma. Kwa wiki tatu alikanda na kuoka. Kufikia tarehe kumi na nane rafu za jiko la kiangazi zilikuwa na pai ishirini za nyama, kumi na mbili za bluberi, vitunda vya porini alivyochuma mwenyewe Agosti, na ndoo mbili za donati. Nje ilikuwa ishirini na nne chini ya sifuri, na zile pai ukizigonga zinalia kama tofali.

Jumanne tarehe kumi na tisa alipanda basi la mchana kwenda Roberval kwa dada yake, Rose-Aimée, alale usiku mmoja. Dhoruba ya theluji ikafunga barabara, akalala miwili. Aliporudi nilimpokea nikambebea begi. Hata kofia hakuvua, alikwenda moja kwa moja kuziangalia pai zake.

Alipofungua mlango lilitujia joto, na harufu nyuma yake. Sitaieleza harufu ya nyama ya nguruwe iliyolala siku mbili kwenye joto. Maji ya bluberi yalikuwa yanatona kutoka rafu ya juu hadi sakafuni. Ukutani kile kisanduku cha saba kilikuwa kinaonyesha ishirini na moja, vistari vyote vimesimama.

Nikauliza nani kaiwasha. Swali lilinitoka tu, ndivyo nilivyo. Mama Dufour akasema, “Nani mwingine mwenye ufunguo? Asubuhi ya kuondoka niliingia humu kuongeza donati. Na vidole vyangu siku hizi haviishi kubonyeza. Nimeiwasha mwenyewe, mwanangu. Nimeiwasha na sikumbuki.”

Akarudi jikoni akaketi. Mikononi hakuwa na kitu, na mimi nikaogopa. Nilimwambia haiwezekani, mtu anayekumbuka dakika za vistari hawezi kusahau kitu kama hicho. Hakunisikia. Alisema Ghislaine alikuwa sahihi tangu mwanzo, leo ni pai, kesho ni moto. Tulizitia pai kwenye mifuko ya taka, moja moja, na kila moja aliitaja ya nani: hii ya mtoto wa jirani Normand asiyekula vitunguu, hii ya padri. Nilipokuwa natoka alikuwa ameshatoa gazeti na anafunga vikombe vyake vya chai.

Siku nzima iliyofuata niliizungusha akili yangu kwenye jambo lile lile. Mashine haijiwashi. Mama Dufour hasahau. Basi nani? Tarehe ishirini na tatu asubuhi uvumilivu ukaniishia, nikaenda kumgongea Fernand. Simu yake ilikuwa bado imeunganishwa na ile nyumba tangu siku ya kufunga. Akavaa miwani, akafungua chumba cha saba. Kulikuwa na mchoro: mstari umelala chini kabisa kwenye sifuri siku nenda siku rudi, kwa sababu kifaa chenyewe hakihesabu chini ya hapo. Halafu ghafla unapanda kama ngazi. Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni. Chini yake pameandikwa: imebadilishwa kwa simu.

“Si mimi,” alisema Fernand haraka.

Nilijua si yeye. Saa kumi na dakika ishirini Jumanne Mama Dufour alikuwa Roberval, na simu nyingine yenye uwezo huo ilikuwa moja tu. Moyo ulinienda mbio kwa furaha na kwa hasira, vyote pamoja. Nilitaka kwenda kupiga kelele barabarani. Fernand akasema tumwache binti aseme mwenyewe. Nikamwuliza, na asiposema? Akavaa koti lake, akasema basi tutakuwepo.

Tulipofika gari la Ghislaine lilikuwa limeshaegeshwa. Alikuwa amesimama katikati ya jiko, koti mwilini, anatazama maboksi ya vikombe mezani bila kuelewa. Mama yake alikuwa ameketi wima kama mtu anayesubiri hukumu. Hakutujali sisi, aliendelea na maneno aliyokuwa ameyapanga.

“Nitakwenda Alma,” akasema. “Sitaki tugombane. Niliacha hita ya jiko la kiangazi imewaka, vyakula vyote vya Krismasi vimeoza, na sikumbuki kuiwasha. Ulikuwa sahihi.”

Ghislaine aligeuka. Akautazama mlango wa jiko la kiangazi. Kisha akatoa simu mfukoni, polepole, akasogeza kidole mara mbili, na nikaiona rangi inavyomtoka usoni. Alikuwa amekipata alichokitaka mwaka mzima, kimewekwa mezani, tena kwa hiari. Kunyamaza tu kungetosha. Nilishaanza kuvuta pumzi niseme, Fernand akanikanyaga mguu.

“Mama,” Ghislaine akasema, “ni mimi.”

Akaeleza. Jumanne akiwa kazini alichungulia simu, mara ya kwanza tangu baridi ikaze. Vyumba sita viko sawa, cha saba kipo sifuri. Hakujua cha saba ni kipi. Picha iliyomjia ni mama yake ameanguka chini kwenye chumba fulani, dirisha liko wazi. Akabonyeza ishirini na moja. Ndipo akapiga simu nyumbani, haikupokelewa, akapiga kwa Rose-Aimée akaambiwa mama yake yupo hapo anacheza karata na anashinda. Kwa kufurahi kwake hakukikumbuka tena chumba cha saba mpaka dakika ile.

Mama Dufour alimgeukia bintiye. Mimi nilikuwa nasubiri kilio, au kofi.

“Ulipoona sifuri,” akauliza, “ulidhani nimekufa?”

“Ndiyo, mama.”

“Ukaniwashia hita.”

Fernand alikohoa, akageukia dirisha, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Ghislaine naye alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na alilia kama alivyolia Januari, ila safari hii hapakuwa na hasira nyuma yake. Mama Dufour hakucheka wala hakulia. Aliinuka, akatoa kikombe kimoja kwenye boksi, akaanza kukifungua gazeti lake taratibu.

“Umekulia nyumba hii miaka kumi na minane,” akasema. “Kila Desemba nilikutuma kuleta pai kutoka jiko la kiangazi, ukawa unarudi vidole vimekufa ganzi unalia. Mimi nimekaa siku mbili nikijiambia akili imeniondoka. Sasa niambie, Ghislaine. Kati yangu na wewe, nani kasahau?”

Ghislaine alifuta uso kwa kiganja, akaiweka simu juu ya friji, akavua koti. Akauliza unga uko wapi, na mama yake akamwambia uko pale pale.