Ndoa ya Shangazi na Kura za Waingereza

Harufu ya betri zilizoanikwa juani bado hunipandisha hasira. Ni harufu ya chuma moto na karatasi iliyoungua kidogo, na nikiisikia tu naona bati la jiko letu la uani, Chang'ombe ya huku bara, si ile ya Dar es Salaam, betri zimepangwa juu yake, na baba yangu yuko barazani akiuliza kama zimeshapata nguvu. Miaka ile ya soko huria maduka yalijaa betri za kila rangi, lakini baba alisema betri mpya ni za watu wasiojua kuanika.

Aliyezianika alikuwa shangazi Zainabu, mdogo wa mwisho wa baba. Alikuwa mke wa mtu, lakini alikaa kwetu. Mumewe, Idi, kijana wa Kondoa, alikuwa Uingereza akifua mashuka ya hospitali katika mji ambao hakuna aliyeweza kuutamka nyumbani. Alikuja likizo, akaposa, wakaoana, akarudi kazini. Shangazi alitakiwa amfuate.

Akaenda Dar es Salaam na baba kuomba viza. Wakati ule Waingereza walikuwa na sheria ambayo mpaka leo siwezi kuieleza bila kuudhika: mtu aliyeoa au kuolewa na mkazi wa kwao alitakiwa athibitishe kwamba hakuingia katika ndoa ile ili apate kwenda kuishi huko. Afisa akamwuliza shangazi, kupitia mkalimani, kama angemkubali Idi hata kama Idi asingekuwa anaishi Uingereza. Sasa fikirieni. Mwanamke aliyelelewa na bibi yangu, kaka yake mkubwa amekaa pembeni, anaulizwa na mwanamume asiyemjua kama anampenda mumewe. Alifanya alivyofundishwa. Aliinamisha macho, akavuta mtandio, akanyamaza. Viza akanyimwa. Haya yake ilikuwa imegeuzwa ushahidi.

Ndipo uchaguzi wa Waingereza ulipoingia nyumbani kwetu. Redio ya London ilitangaza kwamba chama cha upinzani kimeahidi kuifuta sheria ile kikishinda. Idi alipiga simu kwenye duka la jirani akasema hivyo hivyo, akaongeza kwamba mtaani kwao Wahindi na watu weusi wana wasiwasi, maana wapo wagombea wanaosaka kura kwa kusema wageni wamezidi. Akasema na yeye atapiga kura, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule wanaruhusiwa.

Baba alishtuka. "Sikiliza shemeji, mpe kura mwenye serikali. Nyie mko wachache huko, ukimpa mpinzani watakujua tu."

Idi akamweleza kwamba kura ni siri. "Eti siri," baba alituambia tukirudi nyumbani, kwa huruma, kama mtu aliyesikia mtoto akisema mwezi unamfuata.

Kwa baba, chama kilichoshika dola hakiondoki. Uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa umepita juzijuzi tu, naye aliona umemaliza mjadala. Wenzake wa barazani walimwunga mkono kila jioni kwa vikombe vya kahawa. Walijua nani ana nafasi Uskoti na nani amechokwa Wales, watu ambao hata kijiji cha Haneti hapo karibu hawakuwahi kufika ila kwa harusi. Mzee Salimu, mwuza mitumba, alimwunga mkono kuliko wote. Alikuwa anatafuta mke wa pili. Haikupita muda baba akatoa neno lake: chama tawala kikishinda, Idi ataombwa talaka, na eda ikiisha Zainabu ataolewa na Mzee Salimu.

Basi ndoa ya shangazi ikawa mikononi mwa wapiga kura wa Uingereza, ambao hawakuwa na habari naye, huku wanaume wa barazani wakipiga hesabu za majimbo. Mama alijaribu. "Baba Mwajabu, si umwulize mwenyewe anataka nini?"

"Nimwulize?" baba alisema. "Wazungu wenyewe walimwuliza, hakujibu."

Asubuhi ya matokeo baraza ilijaa mapema. Mzee Salimu alikuwa amevaa kanzu mpya. Mtangazaji akasalimu, akaanza, na sauti ikafifia mpaka ikabaki mkwaruzo. Betri zilikuwa zimeanikwa mara nyingi mno. Baba akaipigapiga redio ubavuni, wengine wakatoa ushauri, na mimi nilitamani kulia.

Shangazi akatoka ndani. Alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akaichukua redio mapajani kwa baba, redio ambayo hata mama hakuigusa, akafungua mgongo wake. Kutoka kwenye pindo la khanga alitoa betri mpya, alizonunua kwa pesa za vitumbua vyake. Akazipachika moja moja, akaongeza sauti, akabaki amesimama pale pale.

Wapinzani walikuwa wameshinda, tena kwa kishindo.

"Si nilisema," baba alisema. "Wale walishachoka." Mzee Salimu aliweka kikombe chini akaenda kufungua duka. Sheria ile ilifutwa, na kabla ya mvua kuanza shangazi alikuwa ameondoka.

Kwa muda mrefu nilikasirika nikikumbuka asubuhi ile, nikidhani shangazi alitumia pesa yake kuwastarehesha wanaume waliokuwa wakimgawa. Mwaka jana, katika simu, nilimwuliza mbona hakuwahi kumwambia mtu yeyote anachotaka.

"Mwajabu," akasema, "wewe ulikuwepo. Ulidhani zile betri nilimnunulia baba yako?"